Simu Zote Tulizipimia Kimbiji

Nyie vijana mnanichekesha. Kila wiki hakosi mmoja wenu kuja hapa kwangu Gongo la Mboto, "Shikamoo bibi," marahaba, na kabla hata maji hajanywa ananiambia anataka kuanzisha tovuti ya kuchambua simu, eti nimpe siri. Ananionyesha alichoandika. Nasoma: prosesa, megapikseli, kioo inchi ngapi. Namwuliza, "Hii simu umekaa nayo muda gani?" Ananijibu bila aibu, "Aa, bibi, sijawahi kuishika, nimetoa mtandaoni." Wee! Sasa si ungeniletea huyo wa mtandaoni nizungumze naye?

Basi leo naandika mara moja, msome, msinichoshe tena. Na mkiona nimepotea kidogo katikati, mnisamehe, kwa sababu siwezi kusimulia kazi ile bila kumtaja mama yangu, na nikimtaja mama yangu huwa sirudi haraka.

Mie nilikuwa karani wa kuchapa kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki, Mikocheni. Kompyuta ilipoletwa ofisini wenzangu waliikimbia, mie nikaikalia. Mama alikuwa anaishi Kimbiji, kwenye minazi na mihogo yake, barabara yenyewe mvua ikinyesha hata trekta linaomba radhi. Mtandao wa simu kule ulikuwa wa kubahatisha: ukisimama mlangoni unaupata, ukiingia ndani umeukosa. Nilitaka kumnunulia simu. Saa ya chakula nikawa nasoma kwenye kompyuta, simu ipi nzuri. Yote Kiingereza, yote masifa, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kama mwanamke mtu mzima, yuko uani Kimbiji, upepo unavuma kwenye minazi, atamsikia mwanawe akimpigia. Nikanunua hivyo hivyo. Mama akawa ananiambia, "Sauti yako inatoka kama uko ndani ya mtungi."

Nikaipeleka kwa Kasto. Kasto alikuwa fundi simu, meza yake ilikuwa jirani na kituo cha daladala hapa hapa Gongo la Mboto. Mmakonde wa Newala, mtu mpole, ana vidole vya baba yake aliyekuwa mchonga vinyago. Akaifungua, akaitazama, akaifunga.

"Sista, hii simu haina kosa. Ndivyo ilivyo. Mwenye kosa ni aliyekwambia nzuri."

"Hakuna aliyeniambia. Nimesoma kwenye boksi."

"Basi boksi ndilo limekudanganya," akasema. "Hii nchi nzima inadanganywa na maboksi."

Nikacheka mpaka wateja wake wakageuka. Nikamwambia, basi tuseme sie. Wewe fungua ndani, mie niandike. Akadhani natania. Kumbe mie nikishasema kitu sina breki.

Tovuti yenyewe Kasto aliijenga kwenye intaneti kafe, akimwuliza huyu na yule. Ya kwanza ilikuwa na maandishi ya njano juu ya kijani, ukiisoma machozi yanakutoka. Simu tulikuwa tunaazima kwa Mzee Salim, mwenye duka Temeke. Ukoo wake ni Waarabu waliokaa Dar siku nyingi, na katika duka lile walishauza kila kitu, kuanzia karabai mpaka redio za mkulima. Alituamini, mzee wa watu. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Binti yangu, chukueni, tumieni, lakini ile nailoni ya kwenye kioo msiibandue."

Sie tukatii. Kumbe matokeo yake mwaka mzima tukawa tunaandika kwamba vioo vya simu zote vina ukungu kidogo! Simu ghali, ukungu. Simu rahisi, ukungu. Mpaka msomaji mmoja akatuandikia, "Bi Mwana, nyie mnabandua nailoni kweli?" Nilimwonyesha Kasto, akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Tukaenda kumwomba Mzee Salim ruhusa ya kubandua. Alitutazama kama tumemwomba kumvua nguo mgeni wake, lakini akakubali, kwa sharti kwamba turudishe na nailoni. Kwa hiyo kama mnataka kujua ufundi wangu wa kwanza katika teknolojia ulikuwa nini, ulikuwa ni kurudishia nailoni isipate mapovu.

Kazi hii ina mambo yake madogo madogo. Simu yoyote ni nzuri siku za mwanzo, kama mkwe mpya. Iache ikae, izoee nyumba, ipate vumbi la Barabara ya Pugu, ndipo uandike. Picha usiipige chini ya taa ya ndani, ipigie dirishani asubuhi. Sie tulikuwa tunailaza simu juu ya kipande cha mpingo alichokisugua Kasto, watu wakawa wanatujua kwa ule mpingo. Kioo kisome umesimama juani saa saba mchana. Chaji usipime siku umeme umetulia, pima siku unakuja na kuondoka. Mpe simu mtu anayekaanga mihogo aishike kwa vidole vya mafuta. Isipomtii, andika hivyo. Anza na ubaya wake kabla ya uzuri, msomaji ana haraka. Na zawadi usichukue. Wakala mmoja alituletea fulana zenye jina la simu yake kifuani. Kasto akaivaa siku moja tu, kesho yake mteja akamwuliza, "Braza, kwani siku hizi umeajiriwa?" Ile fulana ikawa tambara la kufutia vioo.

Nyota hatukutoa. Nyota za nini? Tulikuwa na maswali: tochi yake inafika mpaka choo cha uani? (Hilo mama ndiye aliyelipima, tukimpelekea simu kwa usiku mmoja.) Juani inasomeka? Na la mwisho, ambalo watu walikuwa wanalisoma kwanza: Mama kasikia?

Kila simu mpya ikitufikia nilikuwa nampigia mama Kimbiji. Simu yake yeye haibadiliki, anakaa pale pale, nyuma ya nyumba karibu na jiko, na mie nakaa pale pale kwenye meza ya Kasto, magari yanapita. Namwambia jambo kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele, naye analirudia. Ndiyo kipimo chetu hicho, hatukuwa na mashine.

"Mama, leo nimepika kisamvu, tui limekatika."

"Tui limekatika? Hukukoroga wewe. Umekwenda kuchungulia hizo simu zako ukaliacha. Nimekufundisha mara ngapi?"

Naandika: Mama kasikia, na kanigombeza. Simu ikiwa mbovu anasema, "Nini? Nani kakatika?" Naandika: Mama hakusikia. Basi. Jamani, watu walipenda! Mzee Salim alituambia wateja wanaingia dukani, hawaulizi bei, wanauliza, "Hii mama kasikia?" Mtu alituandikia kutoka Songea kwamba huko kwao ndiyo lugha ya dukani. Nikamwambia mama. Akasema, "Kwa hiyo mie najulikana Songea?" Mwajuma, jirani yake, alinisimulia kwamba siku ile alitembea kijiji kizima akiwaambia watu yeye anafanya kazi na Wachina.

Miaka ikaenda. Simu zikawa nyembamba, watu wakaanza kutusoma kwenye simu zenyewe badala ya kafe. Mie na Kasto tukaona jambo la kufurahisha: simu mbaya zimeisha. Kila nikimpigia mama, "Nakusikia mwanangu, nakusikia vizuri sana." Kasto akasema, "Sista, teknolojia imekua." Nami nikaandika hivyo, na mbwembwe juu. Kwamba mama hakuwa anarudia tena maneno yangu, kwamba hata kunigombeza alikuwa ameacha, wala halikunigonga. Nilidhani amechoka na mchezo ule.

Ikaja simu moja, rangi ya dhahabu, nyepesi kama biskuti. Jina lake silitaji. Tukaisifu sana: Mama kasikia, vizuri sana. Watu wakainunua kwa Mzee Salim. Haukupita muda, maoni yakaanza kumiminika kwenye tovuti. "Bi Mwana, huyo mama yako kasikia nini? Mke wangu hanisikii hata nikiwa chumba cha pili." Mwingine: "Nyie nanyi mmekula." Hilo ndilo lililonichoma. Kula! Mie, ambaye hata fulana niliifanya tambara!

Mzee Salim akanipigia. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Binti yangu, watu wanarudisha simu. Mie nazipokea, hiyo ni biashara. Lakini wananiuliza kama wewe ni mwongo, na mie sina la kuwajibu."

Kasto akaifungua ile ya dhahabu. Akanionyesha maiki ya kusemea, kitu kama punje ya mtama, halafu imezibwa na gundi. Akasema, "Kwa hii mtu hawezi kukusikia, sista. Hata mbwa hawezi." Nikamwambia kesho nakwenda Kimbiji na hii simu, nikaisikilize mwenyewe kwenye simu ya mama, pale pale anapokaa.

Nilifika mchana, nikapitia nyuma, njia ya mihogo. Mama nikamwona kupitia upenyo wa ua wa makuti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele. Nikasema, ngoja nipige kwanza kabla hajaniona, nipime mtandao wa hapa. Nikapiga. Nikaona anashtuka, anaweka ungo chini, anachomoa simu kibindoni, anabonyeza, anaiweka sikioni. Mie bado sijafungua mdomo.

"Nakusikia mwanangu," akasema. "Nakusikia vizuri sana."

Sijasema neno. Akatulia kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo." Akatulia tena. "Ndiyo, alhamdulillahi, sote wazima." Akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo la kuchekesha. "Haya mwanangu. Hii simu nzuri, waambie nzuri." Akaikata, akairudisha kibindoni, akaendelea na mchele wake. Na mie nimesimama kwenye mihogo na simu ya dhahabu sikioni, sijui nifanye nini na miguu yangu.

Mwajuma akatokea na sufuria kichwani. "Wee Mwana! Mbona umejibanza hapo kama mwizi wa kuku? Ingia kwa mama yako!" Alivyopaza sauti, kijiji kizima cha Kimbiji kilisikia. Mama hakugeuka.

Niliingia, nikampita mbele ili anione. Uso ukamng'aa. Nikamwamkia, akaitikia sawasawa, akinitazama mdomo. Nikachuchumaa pale mbele yake.

"Mama, husikii?"

"Nasikia."

"Mama."

Akauchukua ungo, akaupepeta mara moja, akauweka tena. "Nasikia nikikuona."

"Tangu lini? Kwa nini hukuniambia? Umetuharibia kazi, mama, watu wananiita mwongo Dar nzima!" Ndiyo, nilifoka. Nilikuwa na hasira na sikujua hasira ya nani.

Mama akaningojea nimalize. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Ningekwambia, si ungetafuta mtu mwingine wa kumpigia? Mwajuma huyu hapa, masikio yake ya paka. Ungempigia yeye." Akafuta mikono kwenye kanga. "Zamani ulikuwa unanipigia Idi mpaka Idi. Tangu muanze hiyo kazi yenu, kila simu ikiingia mjini unanipigia mimi. Mie nikawa naomba Mungu tu Wachina wasichoke kutengeneza simu."

Jamani. Watu wameandika mengi kuhusu simu, mie nikiwamo. Sijasoma mahali popote maneno kama hayo. Nilimwekea kichwa mapajani, mchele wote ukamwagika, akaanza kunigombeza kwa ajili ya mchele, na mie nikalia na kucheka humo humo.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akasema ni umri, hakuna cha kurudisha. Kile kifaa cha kuweka sikioni alikijaribu siku moja, akasema kinapiga filimbi kama refa, akamvisha kuku. Kwenye tovuti niliandika ukweli wote. Nilimwomba ruhusa kwanza, nikimwelekezea mdomo. "Andika," akasema, "lakini andika kwamba tochi nilipima vizuri." Nikaandika hivyo: simu ya dhahabu haisikiki, mama yangu haisikii dunia, alikuwa anatupa jibu zuri ili nisiache kumpigia, na tochi alipima vizuri. Nilidhani ndiyo mwisho wetu. Badala yake watu wakaandika habari za mama zao, maoni hayakwisha. Yule aliyesema tumekula akaandika, "Nisamehe Bi Mwana, ngoja nimpigie wangu." Mzee Salim aliyachapisha maandishi yale kwenye karatasi, akaibandika ukutani nyuma ya kaunta. Simu zote za karibuni tukazipima upya, na mke wa Kasto ndiye aliyekuwa anasikiliza.

Lakini mama alikuwa ameniuliza swali siku ile naondoka, na nilikuwa sijalijibu vizuri. Alinishika mkono mlangoni: "Kwa hiyo hamnipigii tena?"

Nikamwambia kazi ipo, imebadilika tu. Tutapima mtetemo. Hapo nilikuwa naibuni papo hapo, Mungu anisamehe, lakini nilipomweleza Kasto akasema, "Sista, hakuna tovuti inayopima hicho." Tukawa tunampelekea mama simu yenyewe kwa mtu wa Kimbiji, anaiweka kibindoni, mie napiga, halafu anatoa hukumu. "Hii inanitekenya tu." "Hii imenishtua nimemwaga chai." Mtanicheka nyie mnaojua mambo, lakini viziwi walituandikia, na mabubu, na wanaume wa viwandani ambao mashine zinawazibia masikio, wakasema hatimaye mtu amewakumbuka.

Sasa sikilizeni namna alivyokuwa anazungumza. Simu ikitetemeka, mama anaiweka sikioni, anaanza kuongea peke yake. Kuku ametaga wapi, nani kazikwa, Mwajuma kamuudhi nini. Akimaliza yake anasema, "Haya, sema na wewe." Ananyamaza. Ananipa nafasi, mtu asiyesikia hata ngurumo, anakaa na simu sikioni kiasi anachoona kinanitosha. Mwanzo nilikuwa naona haya, naguna tu nikisubiri. Halafu nikaanza kusema. Nilimwambia mambo ambayo angekuwa anasikia nisingethubutu. Kwamba nimechoka. Kwamba baba wa binti yangu Zuhura ananisumbua. Kwamba naogopa kuzeeka peke yangu mjini. Yeye akiona imetosha anasema, "Haya, nimekusikia mwanangu," anakata.

Kasto siku hizi yuko Newala, amejenga. Mzee Salim alifariki, duka wanauza vipodozi. Tovuti ilififia yenyewe, watu wakahamia kwenye video zenu hizo, mnafungua boksi mnapiga kelele kama mmeona nyoka. Siwalaumu. Macho yangu nayo hayasomi tena maandishi madogo. Naikumbuka meza ya Kasto, nakumbuka harufu ya risasi ya kuchomelea, naikumbuka mpaka ile nailoni. Kijana akiniwekea simu mpya mkononi, kidole changu kinataka kwenda kwenye namba moja tu, na namba hiyo haina mtu.

Mara ya mwisho kumpigia hatukuwa na simu ya kupima. Nilipiga tu. Aliniambia habari za mihogo, kwamba nguruwe wameingia, kwamba mguu unamuuma lakini si sana. Halafu akasema, "Haya, sema na wewe," akanyamaza. Nami pale kituoni, watu wanapita, nikamwambia: mama, nimekukumbuka. Mama, natamani ungenisikia japo leo tu. Nakupenda mama, sijawahi kukwambia, sie hatusemagi hivi, lakini nakupenda sana.

Akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikasikia upepo wa kule.

"Haya, nimekusikia mwanangu," akasema. "Na mie hivyo hivyo."

Akakata.